Tableti Yenye Sura ya Kasuku

Mkono wa Mama Pacha ulikuwa bado hewani, pale pale tulipouacha katika gazeti la wiki iliyopita. Fedha zilikuwa mkononi, na Fundi Kioo, muuza tableti, alikuwa amekwisha kunyoosha wake kuzipokea. Kati yao, juu ya kaunta, tableti ilikuwa imewaka yenyewe. Na ndani ya tableti, mtoto wa Mama Pacha alikuwa anamcheka.

Si mtoto anayefanana naye. Alikuwa Kasuku mwenyewe, binti yake wa darasa la sita, aliyebandikwa jina hilo kwa sababu hata usingizini anaongea. Sare ya shule, meno yote nje, na kidevuni plasta aliyobandikwa na mama yake siku aliyoteleza kwenye ngazi.

Mama Pacha aliurudisha mkono taratibu. Fedha zikarudi mfukoni.

"Fundi," alisema, "mwanangu anafanya nini humu ndani?"

Fundi Kioo ni mtu wa mdomo. Tangu waingie alikuwa amewamwagia sifa za bidhaa zake kama mtu aliyelipwa kwa kila neno. Na jambo la ajabu ni kwamba sasa macho yake hayakwenda kwa mwenye fedha. Yalikwenda kwa wifi yake Mama Pacha, aliyekuwa amesimama pembeni na kikapu chake begani.

"Si yeye," wifi alidakia. "Watoto wakivaa sare wote ni wale wale."

Mama Pacha akageuka kumwangalia. Shangazi mtu, aliyemwogesha Kasuku akiwa na siku mbili duniani, leo hamjui?

Fundi akaona huo ndio mwanya, akaivuta tableti. Alichelewa. Mama Pacha anapiga pasi kwa dobi, pasi ile nzito ya chuma, kutwa nzima na mwaka mzima. Vidole vile vikishika kitu, kimeshikwa.

Sasa nawe uliyelikosa gazeti wiki zilizopita, sogea karibu, usiachwe nyuma.

Shule ilitangaza kabla ya likizo. Kuanzia Jumatatu hii inayokuja, darasa la sita litasoma kwa tableti. Mtoto asiyekuwa nayo hatafukuzwa, hapana, shule haina roho mbaya kiasi hicho. Atahamishiwa chumba cha nyuma, kile kilichokuwa stoo ya madawati mabovu, akasome kwa mwalimu anayekuja akijisikia. Mwenyekiti wa kamati ya wazazi alisimama mbele ya wazazi wenzake akalieleza hilo kwa sauti laini kabisa, sauti ya mtu anayekutakia heri. Kasuku tangu darasa la kwanza amekaa benchi la mbele. Alilia siku hiyo mpaka maneno yakamwishia, na hilo halijawahi kutokea nyumbani kwao.

Baba mtu yuko kazini mbali, anarudi akirudi. Kwa hiyo Mama Pacha alibeba mzigo peke yake. Wiki nzima, akitoka kwa dobi na jasho lake, aliingia duka baada ya duka. La kwanza walimwonyesha tableti nzuri, kisha wakamtajia bei, akairudisha mezani kama kitu cha moto. La pili bei ilikuwa ya watu, lakini tundu la chaji lilicheza kama jino la mtoto. La tatu muuzaji aliapa kwamba mashine yake inaingiza kila kitu. Ikafungua somo moja la hesabu, ikagoma, ikazima. Kila alipokwenda aliuliza yale yale kama mtu anayesali. Ina jibi ngapi za kutunzia masomo? Betri inafika jioni? Ikianguka? Maana nyumbani kuna mapacha wa kiume, na mapacha wale hawajawahi kukiacha kitu kizima. Na je, mambo ya kikubwa yanaweza kufungwa, watoto wasiyafikie?

Ndipo wifi yake, mpishi wa shule hiyo hiyo, akamwambia aache kuhangaika. Kwa Fundi Kioo kuna tableti amewekewa, nzuri, imara, bei ya kirafiki. Twende Jumamosi, wifi.

Na ndiyo hii. Yenye sura ya Kasuku.

Mama Pacha aliigeuza. Mgongo wa bluu. Pembeni palikwanguliwa kwa kisu, lakini gundi ya kibandiko ilikuwa bado inanata. Bluu ile aliijua. Watu wengi mjini wangeijua, kama watu wangekuwa wanakumbuka.

Mwaka jana walikuja shuleni wageni wenye magari marefu kuleta zawadi. Watoto walipangwa juani wakaimba mpaka wawili wakadondoka. Kila mtoto akakabidhiwa tableti ya bluu. Wakaambiwa wapige picha ya uso wao waiweke juu kabisa, kisha waweke patani, ule mchoro wa kuunganisha nukta kwa kidole, ili mali yao isiibwe. Watoto wakachora. Wageni wakapiga makofi. Magari marefu yalipopotea kwenye kona ya barabara, tableti zikakusanywa, eti zikachajiwe. Zikachajiwa mpaka leo. Wazazi walipouliza, wakajibiwa kwamba betri zimekufa. Mzazi mmoja alisimama kuuliza betri za darasa zima zinakufaje siku moja, akaambiwa akae chini, asikatishe tamaa wafadhili.

Akakaa. Wote tulikaa.

"Fundi," Mama Pacha alisema, "nauziwa zawadi ya mwanangu?"

Fundi Kioo akapata tena ulimi. Yeye ni mfanyabiashara, alisema, analetewa mzigo ananunua, haulizi mzigo umezaliwa wapi. Mashine zote zikifika anaziflashi kwanza, yaani anafuta kila kitu cha ndani zinakuwa kama mpya. Hii ilisahaulika kwa sababu iliwekwa kando, mtu aliomba atunziwe hiyo hiyo, asipewe nyingine. Basi aiachie aisafishe, dakika chache tu, na bei atapunguza.

Alipofika kwenye "mtu aliomba" akauma mdomo. Lakini Mama Pacha alikuwa hamsikilizi. Alikuwa anaangalia rafu iliyo nyuma ya Fundi. Migongo ya bluu imepangwa kama mikate, mmoja baada ya mwingine.

Akasema anakwenda nje kidogo kuwaita watoto, aliowaacha kwenye bomba wakinywa maji. Akaelekea getini, tableti mkononi.

Fundi aliruka kaunta. Geti la chuma likavutwa, kraa, likafungwa kwa ndani, ufunguo ukaingia mfukoni. Akapiga simu akiwa amewapa mgongo. Maneno yalikuwa machache. "Bosi, njoo. Ile moja haikufutwa. Ndiyo, yuko nayo mkononi."

Wifi alikuwa ameketi juu ya boksi, anapangusa uso kwa pindo la khanga.

"Wifi," alisema bila kuinua kichwa, "ichukue tu twende zetu. Mtoto akasome. Hayo mengine yana wenyewe."

"Yana wenyewe akina nani?"

Wifi akakivuta kikapu chake karibu.

Mlango wa nyuma ulifunguka, na aliyeingia hakuwa mwizi mwenye panga wala askari mwenye pingu. Mmoja wao angekuwa nafuu. Aliingia Mwenyekiti wa kamati ya wazazi, koti lake la kijivu limenyooka. Mama Pacha alilijua koti hilo mpaka kwenye bitana, maana hulipiga pasi yeye kila mwisho wa wiki.

Mwenyekiti aliamkia kwanza. Akauliza habari za nyumbani, habari za baba watoto huko aliko, akamlaumu Fundi kwa kuwafungia akina mama kama kuku. Geti, hata hivyo, hakuagiza lifunguliwe.

"Mzazi mwenzangu," alisema, "mbona tunakosana kwa kitu kidogo?"

Akaashiria kwa kidevu. Fundi akatoka stoo na maboksi matatu, yamefungwa bado kwa nailoni. Akalifungua moja juu ya kaunta, na hapo, msomaji, kila kitu ambacho mwanamke yule alikuwa amekitafuta wiki nzima kikatolewa kimoja kimoja. Kioo kipana, macho ya mtoto yasiumie. Jibi za kutosha masomo ya miaka. Kava la mpira nene. Fundi aliiangusha sakafuni makusudi, akaiokota, inawaka. Humo ndani kuna kufuli la wazazi, mambo machafu hayaingii. Na waranti ya dukani, yenye muhuri.

"Moja ya binti," Mwenyekiti alisema, "na kila pacha na yake. Sitaki hata senti. Jumatatu binti yako benchi la mbele, nitamkalisha mwenyewe. Wewe nirudishie hiyo mbovu tu, Fundi aisafishe."

Mama Pacha aliweka kiganja juu ya boksi. Tusimdanganye mtu, alikiweka, na kilikaa. Aliyaona madaftari ya Kasuku yamepangwa chini ya mto. Alikiona chumba cha nyuma na madawati yake yaliyovunjika miguu. Mama gani asingeweka kiganja?

Wifi akavuta pumzi kama mtu aliyetua ndoo. "Asante, Mwenyekiti," alisema haraka, kabla mwenye mtoto hajasema.

Basi ni hiyo asante iliyoharibu. Ilikuwa imekaa mdomoni muda mrefu mno, asante iliyopangwa. Mama Pacha akainua macho tena kwenye rafu ya bluu, na akamkumbuka jirani yake, mke wa fundi viatu. Yule aliyeuza cherehani yake mwezi huu ili mwanawe asihamishwe chumba cha nyuma. Aliyekuja kununua hapa hapa. Aliyerudi mtaani anaionyesha tableti kwa kila mtu, ya bluu, akisema fundi amempunguzia.

"Mwenyekiti. Ile ya mke wa fundi viatu ilikuwa ya mtoto gani?"

"Ya watu tuwaachie watu."

"Labda ilikuwa ya mwanawe mwenyewe. Mama ameuza cherehani kununua kitu alichokuwa amepewa mwanawe bure."

Mwenyekiti hakukasirika. Alikuwa na uso wa mtu anayesubiri kelele za mtoto ziishe. Akasema zawadi ikiingia shuleni ni mali ya shule, na shule ina mahitaji mengi ambayo mtu wa kupiga pasi hayaoni. Kisha, kwa upole ule ule, akaongeza kwamba mwenye dobi ni rafiki yake, na kwamba orodha ya chumba cha nyuma bado haijabandikwa.

Mama Pacha akayasukuma maboksi. Yote matatu. Yaliteleza juu ya kaunta yakasimama kwenye tumbo la lile koti la kijivu.

"Nataka hii hii," alisema. "Nimeshaichagua."

Hapo ndipo mwanga kwenye geti ulipokatika. Mtu amesimama nje. Mikono miwili midogo imeshika nondo, na kila upande wa sketi ya shule pacha mmoja ananing'inia.

"Mama, mbona mmefungiwa? Nimewapa maji lakini huyu amejimwagia. Halafu..." Kasuku akaingiza uso katikati ya nondo. "Hiyo si tableti yangu? Mwalimu alisema zilikufa!"

Sauti ile haijawahi kujua kunong'ona. Muuza maji akageuka. Wasichana wawili waliokuwa wanapita wakapunguza mwendo. Fundi Kioo akakimbilia redio, akaifungulia mpaka spika zikakoroma, muziki ukafunika kila kitu, lakini watu wameshasikia walichosikia, na muziki wa ghafla nao una maana yake.

Mwenyekiti akapiga hatua. Mama Pacha alikuwa na hatua zake, na zilikuwa za karibu zaidi. Akafika getini, akaisogeza tableti kwenye nondo.

"Unaikumbuka patani?"

Swali gani hilo. Kasuku akapitisha mkono katikati ya vyuma. Kidole kikachora nyumba, ukuta, paa, ukuta wa pili. Tableti ikafunguka kama mlango wa mtu anayekujua.

Fundi akashika kichwa.

Picha zilikuwa nyingi, na za kitoto. Viatu vya rafiki. Ulimi wa rafiki. Wingu. Kasuku mwenyewe, Kasuku tena, Kasuku kwa pembeni. Kisha picha zikabadilika, na msichana akaeleza huku akisukuma kwa kidole, akipaza sauti kuushinda muziki. Walipoambiwa warudishe, yeye hakurudisha mara moja. Alijificha nyuma ya jiko la shule aichezee kidogo zaidi. Akaona gari linapakiwa maboksi, akalipiga picha, maana alikuwa anapiga kila kitu. Mwalimu alipomkuta alimvuta sikio, akamnyang'anya.

"Ndiyo hii hapa, mama."

Gari limefunguliwa nyuma. Maboksi yamejaa mpaka juu. Mwanaume ameinama ndani anayapanga, koti la kijivu, mgongo tu, uso hauonekani. Na anayekuja na boksi kichwani, uso wote mbele ya kamera, aproni ya jikoni kifuani, ni mwanamke.

Ni wifi.

Mama Pacha hakugeuka upesi. Alijua akigeuka litakuwa kweli.

Mwenyekiti alikuwa amesogea, ameichungulia picha juu ya bega lake. Alipumua, na kwa mara ya kwanza tangu aingie akatabasamu.

"Mimi naona mgongo," alisema. "Migongo iko mingi. Lakini huyu ana uso, na ufunguo wa stoo ya jikoni, zilikowekwa tableti, anao yeye peke yake. Haya, mama. Fundi atafungua geti. Waite watu uwaonyeshe mwizi."

Wifi alikuwa amesimama. Kikapu kimeanguka, hakukiokota. Alisema maneno yake bila kulia, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kulia. Aliambiwa zinapelekwa kwa fundi zikatengenezwe. Alikuja kujua baadaye, alipoziona dukani zinauzwa, na aliposema akaulizwa nani alizibeba. Akaziba mdomo, kazi yake ni ile moja. Lakini siku alipoiona sura ya Kasuku kwenye rundo la Fundi, alishindwa kuondoka.

"Nikamwambia aniwekee. Nikasema basi, zote zimekwenda, lakini huyu wetu apate yake. Wifi, nilitaka apate yake tu."

Huyu ndiye aliyelala kwenye mkeka chini ya kitanda cha hospitali siku mapacha walipokataa kutoka. Huyu ndiye aliyewapa majina, mama yao akiwa hana fahamu. Mama Pacha alimwangalia na hakupata tusi lililomtosha, wala neno la huruma lililomtosha.

Wifi akasogea getini. Akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto, nondo katikati.

"Kasuku, mwanangu. Ifute hiyo. Hiyo moja tu, zako zote zibaki. Kisha tableti ni yako, na Jumatatu unakwenda darasani kwako."

Kasuku aliyazoea maneno ya shangazi yake. Kidole kikaenda chini ya kioo, kwenye kile kidude chenye alama ya pipa la taka. Kikasimama hapo juu juu, bila kugusa.

Wimbo ukaisha. Katika ule ukimya kabla ya wimbo unaofuata, mtu alipenya katikati ya waliokuwa wamejikusanya nje, akifuta vumbi usoni. Alikuwa mke wa fundi viatu. Tableti ya mwanawe ilikuwa kwapani, mgongo wa bluu nje, imegoma kuchaji, na alikuwa amekuja kuuliza kama inatengenezeka.

"Jirani," alisema, "kuna nini humo?"

"Mama," alisema Kasuku, "nifute?"

Maswali mawili, na mdomo mmoja wa kuyajibu. Mama Pacha akaufungua. Kilichotoka, msomaji, tukisome wiki ijayo.